Mama Tahadhari na Chupa Iliyolala Miaka Ishirini

Maneno yale mama mshonaji aliletewa pamoja na mayai. Muuza mayai wa mtaa wao alikuwa mwanamke mwenye mkono mwepesi. Angeweza kubeba trei tatu kichwani na lisivunjike hata yai moja. Siri ndizo zilizokuwa zikimvunjikia njiani. Siku hiyo alisimama mlangoni, akachagua mayai makubwa bila kuombwa, kisha akashusha sauti.

"Jirani, unanijua. Mimi si mtu wa kusema ya watu."

Mama mshonaji akaondoa mguu kwenye cherehani. Mtu akianza hivyo, bora ukae vizuri.

"Sema tu."

"Ni huyu binti yako anayefanya kazi ghalani. Wanasema anakunywa pombe tangu asubuhi, hata chai haijashuka tumboni. Halafu anaitapika kwenye ndoo, mbele ya watu wazima, na wengine wamekaa wanaandika."

"Wanaandika nini?"

"Ndiyo hapo sasa."

Mama akacheka kidogo, akalipa, akafunga mlango. Lakini habari ile ilimganda kama kupe. Alishona mkono wa kushoto wa gauni la mteja mahali pa mkono wa kulia, akaufumua, akaushona tena palepale. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Na hata kama halipo wala haliji, mama wa mtoto atalala vipi?

Ni lazima niseme kwamba mama huyu hakuhitaji sababu kubwa ili awe na wasiwasi. Mtaa mzima ulimwita Mama Tahadhari. Alikuwa mtu wa kukuambia usile umesimama, usilale na nywele mbichi, usifungue mlango kabla hujauliza "nani?" mara mbili. Wanawe walikuwa wakimtania kwamba hata kivuli chake anakiambia kiangalie kisijikwae. Naye alikuwa akiwajibu kwamba mpaka leo hakuna aliyevunjika mguu katika nyumba yake, kwa hiyo wacheke wakiwa wamesimama kwa miguu yao miwili.

Binti mwenyewe, kitinda mimba, alikuwa na jina lake la nyumbani: Pua. Tangu utotoni aliweza kuingia kutoka kucheza akasema, "Mama, maziwa yanataka kuharibika," na kweli kesho yake yameganda. Kazini alisema yuko "upande wa ukaguzi". Mama alidhani anakagua milango.

Jioni Pua aliporudi, mama alimpokea mkoba, akamkumbatia, na akakaa kwenye kumbatio hilo muda mrefu kuliko kawaida.

"Mama, unaninusa?"

"Nanusa nguo. Naona kama haikukauka vizuri."

"Mama."

"Fungua mdomo kidogo, mwanangu, nione lile jino."

Pua akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema yote, maana aliona hakuna njia nyingine. Kweli, kazi yake ilikuwa kuonja mvinyo. Kweli, walianza asubuhi, kwa sababu asubuhi ulimi bado haujachoshwa na vyakula. Na kweli kulikuwa na ndoo, ila hakuna aliyetapika. Wanaonja, wanatema, wanaandika walichoonja.

"Kwa hiyo unanunua kitu, unakitia mdomoni, halafu unakitema."

"Hatununui sisi. Bosi ndiye ananunua."

"Na yeye anawatazama mnavyotema mali yake."

"Ndiyo anatulipa kwa hilo, mama."

Mama akaenda kuutundika mkoba, maana jambo hilo lilihitaji kutafakariwa likiwa peke yake.

Pua akaendelea. Bosi wake alikuwa amenunua shehena ya mvinyo mwekundu kutoka Italia, uliokuwa umelala zaidi ya miaka ishirini katika chumba cha chini cha nyumba ya mtu. Mvinyo wa namna ile ni kama mzee wa ukoo: anaweza kuwa na hekima, anaweza kuwa amechoka, anaweza kuwa ameshakufa na watu hawajui. Keshokutwa wangefungua chupa moja na kuuhukumu. Mwonjaji wa ghala, ambaye wote walimwita Mzee Maneno, alikuwa anastaafu. Pua akiuhukumu vizuri, kiti cha mzee kingekuwa chake. Akikosea, bosi angetafuta mtu kutoka nje, na yeye angebaki kuosha glasi.

"Bosi kaniruhusu nije na mtu mmoja. Njoo uone mwenyewe," Pua alisema. "Ukiona nimelewa, nishike mkono unirudishe nyumbani. Sitabisha."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Haya. Lakini niulize kitu kimoja. Huyo bosi wako kwa nini alinunua kitu asichojua kama ki hai au kimekufa?"

"Hilo, mama, hata sisi tunamuuliza."

Siku ilipofika, Mama Tahadhari alivaa gauni lake la harusi za watu, akajipaka marashi shingoni, kwenye viganja, na kidogo nyuma ya masikio, ili asimwaibishe mtoto. Chakula alikiacha mezani, hakukigusa.

Ghala lilikuwa jengo refu lenye kuta nene na madirisha madogo. Ndani kulikuwa na ubaridi wa kisimani, na harufu ya mbao na vumbi. Pua alikuwa akimsubiri mlangoni. Kabla hata ya shikamoo akaziba pua.

"Mama, umeoga marashi?"

"Kidogo tu."

"Kidogo hiki kimefika kabla yako."

Akampeleka bombani, akamsugua shingo na viganja kwa sabuni isiyo na harufu, kama mama alivyokuwa akimsugua yeye zamani kabla ya shule. Mama akavumilia, uso umekunjamana. Waliporidhika wote wawili, Pua akamwingiza katika chumba cha kuonjea.

Kilikuwa chumba cheupe: kuta nyeupe, meza ndefu, kitambaa cheupe mezani. Glasi zenye miguu mirefu zilipangwa kama wageni waliofika mapema. Ndoo ilikuwepo, ndogo, ya bati, inang'aa. Na katikati ya meza, peke yake, ilisimama chupa.

"Kaa hapa, mama, nikawaite. Ila tafadhali usiguse chochote."

"Mimi niguse nini?"

Binti akatoka. Mama akakaa, mikono juu ya mapaja, akaitazama chupa ile. Chupa nayo ikamtazama. Ilikuwa chafu. Vumbi limeigandia mabegani, karatasi yake imeliwa na wadudu pembeni. Moyo wa mama ukamuuma. Mwanangu ana mtihani, na kitu chenyewe kinaletwa mezani hakijanawa uso! Watasema hakufundishwa usafi kwao. Akatoa leso. Alisema moyoni kwamba kufuta si kugusa, kwa sababu katikati pana leso.

Akaifuta ikang'aa. Alipoiinua kwenye mwanga wa dirisha kuhakikisha, ndipo akaona jambo la pili: chini kabisa palikuwa na kitu cheusi kimetuama, kama masizi.

Sasa wewe mama unayesoma, jiulize ungefanya nini. Umelea watoto wangapi, wamekohoa usiku mara ngapi? Chupa yenye kitu kimetuama chini huwa inafanywa nini kabla ya kumiminwa? Mama Tahadhari alibana kizibo kwa kidole gumba, ingawa chupa ilikuwa imezibwa miaka ishirini, akaitikisa chupa ile. Akaitikisa kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, mpaka cheusi chote kikapotea. Akairudisha mahali pake na kukaa, roho imetulia kwa mara ya kwanza tangu siku ya mayai.

Wakaingia. Mbele alikuwa bosi, mwenye ghala, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, asiyepoteza neno. Nyuma yake Mzee Maneno, shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe.

"Huyu ndiye mama wa Pua," mzee akasema, akiinama. "Karibu, mama. Leo utasikia uongo mtupu, lakini uongo mzuri."

"Ahsante, baba. Nimeuzoea, mimi ni fundi cherehani."

Bosi akatabasamu nusu. Pua akaisogelea chupa, na mkono wake ukasimama hewani. Vumbi lilikuwa wapi? Akamtazama mama yake. Mama akamkonyeza kwa fahari, na kumwonyesha leso. Rangi ikamtoka binti yule usoni.

Akakitoa kizibo polepole, akamimina. Mvinyo ukaingia katika glasi ukiwa kama maji ya mto baada ya mvua.

Mzee Maneno akainua yake, akaizungusha, akaingiza pua yote ndani, akafumba macho kwa muda mrefu hata mama akaanza kujiuliza kama anasali au amesinzia. Akaonja. Akatafuna, naam, akautafuna mvinyo, kisha akatema ndooni, ndoo hata isilie. Mama akageuza uso. Watoto wake wote aliwakataza kutema mbele za watu.

"Poleni wafiwa," mzee akasema. "Umekufa. Una mchanga, una matope, una uchungu wa mtu aliyekufa anadai. Shehena nzima, bosi, ni siki ya kachumbari."

Bosi akaonja, akakunja uso, akatema. "Pua?"

Hapo ndipo mama alipoona macho ya mwanawe. Yalimjia, yakakaa kwake kidogo, yakaondoka. Hakujua amefanya nini, lakini alijua ni yeye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na hatia yake pia humfikia hata kabla haijatajwa.

Pua aliinusa glasi yake mara mbili. Angeweza kusema umekufa, akakubaliana na mzee, na hakuna ambaye angeuliza zaidi.

"Haujafa," akasema. "Umetikiswa."

"Umetikiswa?"

"Mvinyo mkongwe una mashapo, bosi. Nimeisimamisha chupa hii tangu juzi ili yashuke chini. Sasa yamechanganyika, ndiyo haya matope mdomoni. Lakini puani matope hayafiki. Nusa tena. Kuna waridi lililokauka. Maiti hainukii waridi."

Mzee Maneno akanusa tena, taratibu, na nyusi zake zikapanda. "Hm," akasema. Kwa mtu wa jina lake, hiyo ilikuwa hotuba.

"Na nani aliyeitikisa?" bosi akauliza, akiweka miwani yake machoni. "Nani ameingia humu?"

Pua alikuwa akitazama kitambaa cha meza kama kimeandikwa kitu. Basi Mama Tahadhari akanyoosha mkono, kidole kimoja juu, kama mtoto wa darasa la pili anayetaka kutoka.

"Ni mimi. Nilidhani ni kama dawa ya kikohozi."

Mzee Maneno akatoa sauti ambayo alijaribu kuifanya kikohozi, na hilo likazidisha mambo. Bosi hakucheka. Alikuwa ameshika glasi yake ya matope, na mama alimwona akipima mambo mawili: msichana aliyejua, na msichana aliyemwacha mama yake peke yake na chupa.

"Mtihani umeharibika," bosi akasema. "Chupa nyingine itataka isimame siku kadhaa. Na kesho wanunuzi wanataka jibu."

"Haihitaji kusimama," Pua akasema. "Nitaileta kama ilivyolala. Mashapo yake yako ubavuni. Nisipoigeuza, yatabaki ubavuni."

"Utaifungua imelala?"

"Ndiyo, bosi."

"Ikimwagika?"

"Nitaosha kitambaa, na kuanzia kesho nitaosha glasi."

Akatoka, akarudi akitembea kama anayebeba mtoto aliyelala. Chupa ilikuwa katika kikapu kirefu, imelazwa vilevile, vumbi lake lote juu. Akakiweka kikapu mezani kikiwa kimeinuka kidogo upande wa shingo.

"Nahitaji mtu wa kunishikia tochi chini ya shingo ya chupa, nione mashapo yakija."

Mzee Maneno akanyoosha mkono, lakini wake ulikuwa unatetemeka kwa umri. Bosi alikuwa ameshika kalamu. Wote wakamgeukia mtu mmoja.

"Mimi?" mama akasema. "Baada ya yale?"

"Unatunga uzi kwenye sindano bila miwani, mama. Shika tochi. Ila usitetemeke, kutikisa kwa leo kumetosha."

Mama akashika tochi kwa mikono miwili, akabana pumzi. Kizibo kikatoka kwa kuguna kidogo. Pua akainamisha kikapu, nao mvinyo ukaanza kushuka ndani ya jagi la kioo, mwembamba, mtulivu, kama uzi unaofunguka kwenye kigurudumu. Haukuwa na wingu. Ulikuwa mwekundu katikati, na pembeni rangi ya tofali la zamani. Mwisho, juu ya mwanga, ukaja utepe mweusi ukitambaa shingoni. Mama akafungua mdomo aonye, kama desturi yake, lakini Pua alikuwa ameshasimamisha mkono.

"Pumua, mama."

Wakaonja. Mama naye akawekewa glasi, kwa heshima ya tochi. Wenzake wakazungusha, wakanusa, wakatema. Yeye akaitazama ndoo, akakumbuka malezi aliyowapa wanawe, akameza.

"Unaonaje?" Mzee Maneno akamwuliza.

"Mnataka ukweli?"

"Ukweli humu ni mgeni, lakini mkaribishe."

"Kinakaza ulimi kama chai iliyosahaulika jikoni. Na hiki ndicho kilicholazwa miaka yote hii?"

"Huo ndio ukakasi," mzee akasema kwa furaha. "Jaribu tena. Unakuwa mpole ukizoeana nao."

Mama akajaribu tena. Kweli, ulikuwa umepungua ukali.

Bosi akagonga meza kwa kalamu. Mzee akatoa hukumu yake ya pili: mvinyo u hai, una waridi, una ngozi ya kiatu kipya, una lami baada ya mvua, una jioni ya mtu aliyesamehe. Ulazwe miaka kumi zaidi, utakuwa mfalme.

"Mimi naona u hai," Pua akasema, "lakini usilazwe tena. Uuzwe mwaka huu, na anayeufungua aumalize siku hiyohiyo. Uchachu bado umesimama, ukakasi umelainika, lakini harufu yake imeshikilia kwa kucha."

"Unajuaje?"

"Tuache glasi mezani nusu saa, bosi. Ukiwa na nguvu ya miaka kumi, nusu saa haitaufanya kitu."

Wakasubiri. Mzee Maneno alimsimulia mama jinsi alivyoanza kazi, na kwa sababu glasi ilikuwa mbele yake, na kwa sababu kuacha kitu cha watu ni dharau, mama akaimaliza. Mzee akamwongezea. Akamalizia tena. Akamweleza mzee kwamba shati lake limeshonwa kola upande, na kwamba alikuwa ameliona tangu anaingia ila alikuwa anaogopa kusema. Alishangaa mwenyewe kuona haogopi.

Nusu saa ilipotimia, bosi akanusa kwanza. Akanusa tena. Akampa mzee glasi. Mzee akaingiza pua, akakaa humo, akatoka polepole.

"Waridi limekwenda," akasema. "Imebaki chai baridi." Akaweka glasi chini na kumgeukia Pua. "Mimi nilikuwa naonja nilichotaka uwe. Wewe umeonja ulivyo. Kiti changu kina mguu mmoja mfupi. Weka karatasi chini yake."

Bosi akaandika mistari miwili, akafunika kalamu. "Jumatatu uanze. Chumba hiki uwe unakifunga kwa ufunguo." Kisha, kwa mara ya kwanza, akacheka. "Hasa kwa ndugu."

Mama Tahadhari akasimama ili amkumbatie mwanawe. Hapo sakafu ikasogea. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni, na katika chumba kile chote, cha walevi aliokuja kumwokoa mwanawe kutoka kwao, mtu aliyemeza alikuwa mmoja tu.

"Mama, umekunywa?"

"Nimeonja."

"Umetema?"

"Mimi si wa kutema."

Pua hakubisha. Alimshika mama yake mkono, mbele ya watu, akamrudisha nyumbani. Njiani mama alimwonya juu ya mfereji ambao haukuwepo, akaisalimia nguzo ya taa, akasema ana mtoto mwenye pua ya dhahabu na mtu asitikise chupa zake. Walipokunja kona ya mtaa wao, ni nani alikuwa amekaa kwenye kigoda, trei mapajani? Ni muuza mayai. Alisimama tu, akajitwika mayai yake kichwani, na kuanza kutembea haraka, upande wenye nyumba nyingi.

Haya basi, mama mwenzangu, ya kuepuka ni haya:

Usimhukumu mwanao kwa habari iliyokuja na mayai. Muulize mwenyewe.

Usijipake marashi unapokwenda mahali watu wanapofanya kazi kwa pua.

Usifute vumbi la chupa usiyoijua, hata kwa leso.

Usitikise chupa yenye mashapo isipokuwa ya dawa, tena iwe imeandikwa itikiswe.

Ukiambiwa usiguse, usiguse.

Usiende na tumbo tupu.

Wakitema, tema. Adabu itakusubiri nyumbani.

Na ukishindwa yote hayo, rudi kwa njia ya nyuma.